Hofu ya Kiti cha Daktari wa Meno

Kijana wa visiwani akiumwa na jino, kwanza hutafuta karafuu. Huitafuna, au hupaka mafuta yake, maumivu yakatulia, naye akaendelea na shughuli zake. Hatuibezi dawa hiyo ya wazee wetu, kwani hata matabibu wa meno huitumia. Lakini karafuu hutuliza tu. Uozo huendelea kulila jino. Siku kijana huyo anapofikishwa hospitali, usiku kucha hakulala, shavu limevimba, na mara nyingi lililobaki ni kung'oa.

Hapo ndipo hofu inapozaliwa. Mtoto ambaye mara yake ya kwanza kuketi katika kiti cha daktari wa meno ni siku ya sindano na koleo, ni shida kurudi kwa hiari yake. Akikua atalificha jino bovu la pili na la tatu, na mwisho atawarithisha wanawe hofu hiyo. Tunakosea basi tunapomwita mwoga. Na mzazi anayemtisha mtoto mtundu kwa sindano ya daktari anaichochea hofu hiyo hiyo.

Vijana hawadai makubwa. Hupenda kuelezwa kitakachofanywa, kuonyeshwa vyombo kabla havijatiwa kinywani, na kuruhusiwa kuinua mkono ili daktari asite. Utaratibu wa kueleza, kuonyesha na kisha kutenda unajulikana kwa madaktari tangu mwaka 1959. Hauhitaji fedha za kigeni, unahitaji subira.

Aidha, ipo njia ya kuziba meno bila ya mashine ya kutoboa. Uozo hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, na tundu huzibwa kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Mara nyingi haihitaji sindano ya ganzi, wala haihitaji umeme. Njia hiyo ilianzia nchini mwetu Tanzania, upande wa Bara, katikati ya miaka ya 1980, na tarehe 7 Aprili, 1994, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa yote. Mwaka 2021 saruji yake iliingizwa katika orodha ya Shirika hilo ya dawa muhimu.

Ni jambo la kusikitisha iwapo kilichozaliwa nyumbani kitawanufaisha wa mbali, na watoto wetu wakabaki na koleo. Tunawaomba wahusika wa Afya na Elimu waifikishe huduma hii katika skuli na vituo vya afya vya vijijini, hata Tumbatu na Kojani, ili mtoto akutane na tabibu wa meno kabla ya kuumwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jino la ukubwani, hata ukuta huo haujengeki: likishang'olewa, halioti tena.