Damu Ikikosa Njia

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Safari hazikukoma, zilizunguka. Stanley, akimtafuta Livingstone, alishuka kusini hadi Ukonongo, kisha akapanda kuelekea Malagarasi na Ujiji. Damu nayo hupita kando ini linapoikatalia njia.

Damu ya utumbo na wengu huingia kwenye ini kwa mshipa mmoja mkubwa, vena ya porta. Homa ya ini B au pombe ya miaka mingi hulijaza ini makovu, likakakamaa: ndiyo sirosisi. Huku kwetu, hasa kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo nacho hukaba matawi ya mshipa huo, ingawa ini lenyewe huweza kubaki na nguvu zake. Presha ya porta, ambayo kwa mtu mzima wa afya huizidi ile ya vena zinazotoka kwenye ini kwa milimita 1 hadi 5 za zebaki, ikizidi kwa 10 damu hupita kando kwenye mishipa ya umio, nayo huweza kuanza kuvimba. Tofauti hiyo ikifika 12, mishipa hiyo huweza kupasuka, mgonjwa akatapika damu na kupata choo cheusi kama lami.

Daktari huteremsha mrija wenye kamera, huufyonza mshipa uliovimba na kuukaba kwa kipira hadi unyauke. Tiba hii huokoa maisha, ila haishushi presha ya porta. Damu iliyozuiwa kwenye umio huelemea mishipa ya tumbo, na ile ya umio huweza kuvimba upya. Ndiyo sababu mgonjwa huitwa tena na tena.

Vidonge vya propranololi na kavediloli hufanya kazi nyingine. Katika sirosisi mishipa ya utumbo hutanuka na moyo husukuma damu nyingi kupita kiasi. Dawa hizi hutuliza moyo na kubana mishipa hiyo, hivyo damu inayoingia porta hupungua. Presha ya mwili ikishuka mno, figo hukosa damu; hapo daktari hupunguza dozi au huisimamisha.

Penye wataalamu, huwekwa mrija mdogo ndani ya ini kuunganisha porta na vena ya ini. Presha hushuka mara moja. Lakini damu hiyo hupita bila kusafishwa. Amonia iliyomo huweza kufika kwenye ubongo, mgonjwa akachanganyikiwa, na moyo dhaifu huelemewa na wingi wa damu inayorudi.

Kwa hiyo, kutapika damu kukikoma, tiba haijaisha. Mgonjwa wa Tabora aliyefungwa vipira hospitali ya rufaa asiache vidonge kwa kuwa amepata nafuu, na tarehe ya kurudi kupimwa aishike kama dozi.