Kobe Naye Ana Kiu: Chombo Gani Kinamfaa?

Akina mama wenzangu, kobe wetu wa kwanza alifia ndani ya beseni. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, na sisi wa Kanyenye hapa Tabora tunaujua mwezi huo: mvua iliyokatika Aprili bado haijarudi, ua mzima ni vumbi, na jua la saa nane linaunguza nyayo. Binti yangu wa miaka saba alimwonea huruma, akajaza maji beseni la plastiki na kulipangia mawe ya kupandia. Asubuhi alimkuta ndani, miguu juu. Alilia akisema yeye ndiye aliyemwua. Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa beseni nilimpa mimi.

Tulidhani kobe hahitaji maji, kwamba majani yanamtosha. Kweli kobe ana kibofu kinachomwekea akiba ya maji, na ndiyo maana anavumilia kiangazi. Lakini akiba hiyo lazima ijazwe. Tena akiinuliwa ghafla akaogopa, huweza kuimwaga yote papo hapo, na wakati wa ukame hasara hiyo inaweza kumwua. Basi wakataze watoto kumbebabeba. Mkojo wake ukitoka na uji mweupe laini, usishtuke, ndivyo ulivyo. Ukiwa na chengachenga kama mchanga, jua hapati maji ya kutosha.

Miaka miwili baadaye jirani aliyehamishwa kikazi alitaka kutuachia wa kwake. Safari hii tulianza na kibali, kwa maana hapa nchini kobe ni katika wanyamapori, na haokotwi porini na kufugwa hivi hivi. Kisha nikamtazama anavyokunywa. Hanywi kama kuku. Huingia majini na miguu yake, akainamisha kichwa mpaka pua imezama, na koo likawa linapanda na kushuka. Nikaelewa kosa la beseni: tulimpa kisima, naye alihitaji kidimbwi.

Chombo kinachomfaa ni kipana na kifupi. Kiwe na upana wa karibu mara mbili ya urefu wa gamba lake, ili aingie mwili mzima na kugeuka. Maji yasipite kidevu chake akiwa amesimama. Kobe wetu ni wa aina ambayo gamba lake lina bawaba kwa nyuma, akiogopa hulishusha kama mlango. Wataalamu wameipa aina hiyo jina la Speke, yule Mwingereza aliyefika hapa na Burton mwaka 1857, mji ulipokuwa ukiitwa Kazeh. Hazidi sana sentimeta 20, basi chombo cha sentimeta 40 kinamtosha.

Sinia la bati nililijaribu, likawa moto kama kikaango. Sahani ya enameli inateleza, na chombo chepesi cha plastiki hukipindua. Kilichotufaa ni sahani ya udongo, ile inayowekwa chini ya chungu cha maua: nzito, ina mkwaruzo wa kushika kucha, na bei yake si ya kuulizia mara mbili. Tulichimba shimo dogo kivulini chini ya mwembe, tukaifukia hadi ukingo wake ukalingana na ardhi. Kabla ya kumwacha peke yake, mtie ndani utazame kama anatoka mwenyewe. Asipoweza, chombo hicho hakifai, hata kiwe kizuri namna gani.

Kobe hujisaidia humo humo anamokunywa. Mwaga maji kila siku, hata kama ndoo imekugharimu. Mwembe utayafurahia, ila usiyamwage kwenye mchicha. Ukiyaacha wiki nzima utakuwa umefuga na mbu. Sahani ya kobe iwe na brashi yake, isioshwe pamoja na vyombo vya chakula, kwa sababu kobe hubeba vijidudu vya salmonela hata akionekana mzima, na vikimpata mtoto mdogo au mama mjamzito si kuhara kwa mchezo. Mikono ioshwe kwa sabuni. Na kama una mtoto anayetambaa, sahani hiyo imwagwe au izungushiwe uzio kabla hajatolewa uani, maana hata yeye aweza kuzama katika maji haba.

Mithali 12:10 inazungumzia jambo hili la uhai wa mnyama, na binti yangu alifundishwa mstari huo Shule ya Jumapili. Lakini jioni ile hakuwa na habari na mstari. Alikuwa amechuchumaa mbali kidogo na sahani, mikono magotini, amebana pumzi. Kobe akashuka majini taratibu, akainamisha kichwa, akanywa kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akapanda ukingo mwenyewe na kwenda zake kwenye majani.

“Mama,” akaniita kwa sauti ya chini, “ametoka.”