Mimea Inayowasha: Linda Ngozi na Macho Unapofanya Mazoezi

 

Wengi wetu hapa Milimani hutoka asubuhi kutembea au kukimbia kuelekea Menengai, na watoto hutufuata. Mazoezi ni mazuri, tusiyaache. Lakini kando ya njia kuna mimea inayodhuru ngozi, na mmojawapo unaweza kumpofusha mtoto. Leo tujue miwili, kwa sababu huduma yake ya kwanza haifanani.

Wa kwanza ni thabai. Wengi mnaujua jikoni: majani yakichemshwa hayawashi tena, na hutiwa katika mukimo. Yakiwa mabichi yana vinywele kama sindano, ambavyo hukatika na kuingiza kemikali kwenye ngozi. Panauma papo hapo, kisha vipele vinatokea. Usisugue wala kukuna. Bandika selotepu na uibandue ili itoe vinywele, osha kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa chenye maji baridi. Kwa kawaida muwasho huisha kwa saa chache au siku moja. Hauambukizi, kwa hivyo mtoto asitengwe na wenzake.

Wa pili ni mnyaa, au kariaria, unaopandwa kuwa ua wa shamba. Una vijiti vya kijani vinavyotoa utomvu mweupe kama maziwa. Jamaa yake ni ule mti mkubwa wenye matawi kama kinara cha mishumaa, ambao una msitu wake katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Utomvu huu huchoma ngozi na kutoa malengelenge. Jichoni ni hatari zaidi, kwani huunguza kioo cha jicho.

Utomvu huweza kufikishwa jichoni na mkono. Mtoto huvunja kijiti akicheza, akatokwa na jasho, akajifuta uso.

Ukiingia jichoni, osha mara moja kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20. Mlaze mtoto ubavu, jicho lililoingiwa likiwa chini, ili maji yasiende kwenye jicho zima. Usitie maziwa ya mama, chai wala dawa ya jirani. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo hata kama halii, kwa maana maumivu huweza kuzidi baada ya saa kadhaa.

Ili kujikinga:

1. Vaa suruali ndefu, soksi na raba.
2. Pita katikati ya njia, mbali na ua na vichaka.
3. Mfundishe mtoto asivunje kijiti chenye maziwa.
4. Beba maji ya kunawa na kitambaa safi cha kujifutia jasho.
5. Ukirudi nyumbani, nawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto mchanga, na ufue nguo ulizovaa.

Kimbilia kituo cha afya mara moja ukiona midomo au uso umevimba, mtoto anapumua kwa shida, au vipele vimeenea mwili mzima. Vidonda vikitoa usaha, pia mlete tumwone.

Kumbuka, mama: mkono ulioshika utomvu usiguse jicho kabla haujaoshwa.