Udongo wa Jiko Ukipasuka, Usikimbilie Kununua Jipya

Jiko lako la makaa linamaliza mkebe mzima kabla githeri haijaiva? Angalia ule udongo wa ndani kabla hujamlaumu muuza makaa. Kazi yake ni kuweka joto chini ya sufuria. Ukipasuka au ukiachana na bati, joto linaishia pembeni, bati linaungua hadi linatoboka, na hapo sasa utahitaji jiko jipya kweli.

Bati likiwa bado zima, fundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji, Nairobi, atatoa udongo wa zamani, atie mwingine uliochomwa, kisha aushikanishe na bati kwa simiti. Mpelekee jiko lenyewe, usikisie saizi. Udongo unaocheza ndani utapasuka tena. Simiti ikauke kabisa kabla ya kuwasha, na moto wa kwanza uwe mdogo.

Upande wa pesa, elewaneni bei mapema, na uulize kama simiti imo. Ukimwachia jiko, tuma kidogo tu, salio baada ya kuona kazi. Soma jina la anayepokea kabla ya kuthibitisha, na usifute ile SMS. Ndiyo risiti yako akianza kusema hukulipa.