Mgonjwa wa akili apelekwe lini kwa mganga?

Mtoto akishikwa na homa, mama hangoji siku ya tatu. Humbeba mgongoni na kwenda dispensari. Lakini baba wa nyumba akiacha kulala, akiacha kula na kusema na watu, sisi twanyamaza. Twasema: «Amelogwa», au «Majirani wasijue.» Twatafuta msaada siku ile amekwisha kuvua nguo sokoni. Je, hiyo ndiyo akili?

Huzuni yenyewe si ugonjwa. Aliyefiwa hulia, na kilio chake ni haki. Lakini tuhesabu siku. Mtu akiwa na huzuni karibu mchana kutwa kwa majuma mawili, hafurahii tena kitu chochote, usingizi umemkimbia, jembe limemshinda, tusimwite mvivu. Yafaa mganga amtazame, kwani ugonjwa huo watibika. Naye asikiaye sauti wasizozisikia wengine, asingojewe hata majuma hayo mawili.

Kuna mambo matatu yasiyongoja kesho. La kwanza ni kusema habari ya kujiua. Wengi huogopa kumwuliza mgonjwa, wakidhani watamtia wazo hilo moyoni. Sivyo, kumwuliza kwa upole humfungua kinywa. Kisha asiachwe peke yake, na kamba na sumu za shamba ziondolewe. La pili ni mama aliyejifungua karibuni, naye halali, anasema ovyo, au anamwogopa mtoto wake. La tatu ni mtu kupayuka ghafula akiwa na homa: yaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, nayo huua upesi.

Tuanzie wapi? Katika kituo cha afya kilicho karibu. Huko damu itapimwa, na ikiwa lazima mgonjwa atatumwa kwa waganga wa akili. Mjini Bukavu wako katika kituo cha SOSAME, kilichoanzishwa na Mafurera wa Mapendo.

Tena tuwe na saburi. Dawa za ugonjwa wa huzuni hazionyeshi nguvu siku ya kwanza. Huchukua majuma kadhaa. Mgonjwa akipata nafuu asiziache bila ruhusa ya mganga.

Wazazi wapenzi, kamba na minyororo havikuponya akili ya mtu hata mmoja. Kumsindikiza ndugu yetu mapema, tukiketi naye hata aitwe, hiyo ndiyo heshima ya jamaa.