Kirikuu cha Zimamoto na Rekodi Nyingine za Kuwahi Moto

Gari la zimamoto lenye kasi kuliko yote duniani limewahi kukimbia kilomita 655 kwa saa. Ni Ford ya mwaka 1940 iitwayo Hawaiian Eagle, iliyofungwa injini mbili za ndege, na rekodi hiyo iliwekwa Ontario, Kanada, Julai 1998. Miongoni mwa yenye mkono mrefu kabisa ni la Bronto Skylift ya Finland. Kikapu chake kinawapandisha waokoaji hadi mita 112. Yote mawili ni kazi ya mafundi hodari, ila Mwanza nyumba zimepanda juu ya mawe, kuanzia Igogo hadi Mabatini. Hata Butimba, ukiiacha Barabara ya Kenyatta na kuingia mitaani, njia zinajibana kati ya ukuta na jiwe, na anayepita bila shida ni bodaboda.

Kwa hiyo rekodi ninazozitafuta hapa ni za dakika. Watafiti wa taasisi ya UL nchini Marekani waliwahi kuchoma vyumba viwili vya mfano. Kile chenye fanicha za zamani, za mbao na pamba, kilichukua zaidi ya dakika 29 kabla hakijawaka chote kwa mpigo. Kile chenye fanicha za siku hizi, zilizojaa sponji na plastiki, hakikufikisha dakika 5. Sasa angalia sebule zetu: sofa ya sponji, kapeti la nailoni, mapazia ya poliesta. Muda wa kuokoa nyumba umefupika hata kijijini, na gari linalotoka mjini likiwa na maelfu ya lita mgongoni mara nyingi linakuta mabati yameshaanguka.

Gari jembamba katika kazi hii ni lile ambalo kila Mtanzania analijua. Ni kirikuu. Kule Japani vigari vya daraja hilo vinabanwa na sheria: urefu usizidi mita 3.4, upana mita 1.48, injini sentimita za ujazo 660. Vikosi vya zimamoto vya kujitolea vya vijijini huko vimevitumia kwa miaka mingi, vikiwa vimepakwa rangi nyekundu na kufungwa king'ora. Inafaa kulisogelea moja na kulitazama. Mara nyingi halina tangi la maji hata kidogo. Nyuma limebeba pampu yenye injini yake, iliyolala kwenye fremu yenye mishikio. Pembeni umezungushwa mpira mgumu wa kunyonyea maji, usiojikunja, wenye chujio mwishoni. Chini kuna mipira bapa ya kurushia maji na bomba la mkononi. Gari likifika mahali lisipoweza kupita, watu wanne wanaishusha pampu, kila mmoja na mshikio wake, wanaipeleka hadi mtoni au kwenye mfereji wa mpunga, na kazi inaanza. Ujerumani nako vijiji vina gari dogo la aina hiyo, TSF, la watu sita na pampu ya kubeba. Wafaransa wa kusini, wanaopambana na moto wa misitu kila kiangazi, wao huweka tangi la lita mia kadhaa juu ya pikapu.

Pampu ya kubeba ndiyo iliyotoa rekodi ninayoipenda kuliko zote. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilitaka pampu ya zimamoto itakayotoa maji maradufu kwa nusu ya uzito wa zile za zamani. Kampuni ya Coventry Climax ikaunda injini ya aluminiamu ya sentimita za ujazo 1,020, ikaiita FW, yaani yenye uzito wa unyoya. Ilikuwa nyepesi na yenye nguvu kiasi kwamba watengenezaji wa magari ya mashindano waliifuata. Ikaongezwa ukubwa kidogo, na mwaka 1956 Lotus iliyofungwa injini hiyo ikashinda daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Baadaye uzao wake ukaingia kwenye gari la familia, Hillman Imp. Haya yote yalitokana na hitaji la wazima moto kubeba kitu kwa mikono yao.

Kwetu tuna mkonga, Land Cruiser ya pikapu inayopita matope ambamo fuso linakwama. Inabeba kama tani moja. Toa askari wanne na vifaa vyao, toa pampu na mipira, na zinabaki lita 400 hivi za maji, maana kila lita ni kilo moja. Ukitumia mpira unaotoa lita 100 kwa dakika, maji yameisha ndani ya dakika 4. Ukitumia mpira mwembamba wa shinikizo kubwa, unaotoa lita 40 kwa matone madogo yanayopoza haraka, una dakika 10. Dakika hizo zinatosha kuuzuia moto wa jikoni usifike chumbani, au kupata muda wa kushusha pampu ziwani.

Maana tangi pana kuliko yote Afrika liko hapa hapa. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na chanzo cha maji cha Butimba kilijengwa kuchukua lita milioni 48 kwa siku kwa ajili ya Mwanza na jirani zake. Anayeishi mita mia mbili kutoka mwaloni hahitaji aletewe maji kwa lori. Anahitaji aletewe pampu. Lakini ziwa lina masharti yake. Liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Tanga. Kwa kuwa ni mgandamizo wa hewa unaosukuma maji yaingie kwenye mpira, kikomo cha kunyonya ambacho pwani ya bahari ni mita 10 na kidogo, huku ni kama mita 9 kwa hesabu ya vitabuni. Kazini, pampu isikae zaidi ya mita 6 hivi juu ya maji. Basi inabidi ishuke hadi karibu kabisa na ukingo, na ukingo wenyewe unahama: mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Kisha kuna magugu maji, yanayoweza kuziba chujio mara moja. Dawa yake ni kulitumbukiza chujio ndani ya kikapu au ndoo iliyotobolewa matundu.

Ipo rekodi ambayo nisingependa kuiandika, lakini haiwezi kurukwa. Moto wa bweni la Sekondari ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, uliua wavulana 67 usiku mmoja wa Machi 2001; mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Kwenye shule ya Shauritanga, Rombo, wasichana wapatao 40 walikufa bwenini Juni 1994. Ng'ambo ya ziwa letu, Kyerwa mkoani Kagera, watoto 10 wa shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu waliteketea Septemba 14, 2020. Kwa sababu hiyo gari dogo la wilaya, hata likikosa maji, lisikose mkasi na msumeno wa kukatia nondo.

Majini, waliofika kwanza mpaka sasa ni wavuvi. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022, walikuwemo watu 43 na wakapona 24. Mitumbwi iliwahi kabla ya vyombo vya serikali. Mvuvi mmoja kijana, Majaliwa Jackson, baadaye aliingizwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ulikuwa uamuzi mzuri, na mialo mingine ina vijana wa aina hiyo wanaostahili mafunzo na pampu.

Rekodi mpya kabisa ni ya Juni 19, 2025, lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3, refu kuliko yote Afrika Mashariki na Kati. Zamani gari zito la zimamoto likitoka Mwanza kwenda Sengerema lilitegemea kivuko. Sasa Sengerema ikiwa na mkonga wake wa kuanza kazi, gari kubwa linaweza kuufuata moja kwa moja, likiwa na maji ya kumalizia.