Kalamu Aliyojitwalia Salme

Mwaka 1886 kilitoka Berlin kitabu cha kumbukumbu kwa Kijerumani. Mwandishi wake, Emily Ruete, alizaliwa Unguja mwaka 1844 akiitwa Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar na Omani. Wengi humkumbuka kwa mapenzi yake na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, na jinsi alivyotoroka mwaka 1866 akiwa mjamzito. Kwangu mimi, uandishi wake ulianza kabla ya hayo. Katika majumba ya sultani wasichana walifundishwa kusoma Qurani, si kuandika. Salme akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumiwa kama ubao. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao, Sultani Majid, binti huyu wa miaka 15 ndiye aliyewaandikia barua wala njama. Njama ikashindwa, Barghash akahamishiwa Bombay. Kalamu ilikwisha kuwa na uzito mkononi mwake.

Msomaji wa Nuu, huku Ukambani, ataniuliza: binti wa mfalme anatuhusu nini? Utajiri wa jumba lile ulitoka huku pia. Misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa, bandari iliyotawaliwa na baba yake Salme tangu 1837, na mmisionari Krapf alipofika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba, mwaka 1849 aliikuta biashara hiyo imeshamiri. Hata hivyo utajiri peke yake hauzai kitabu. Dada zake walilelewa humo humo wasiache kumbukumbu kama hizo. Wala kuhamia Ulaya kama yeye hakukuwa sharti: Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858 bila kuuaga mwambao. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Salme aliutetea utumwa. Kweli, na hapo alikosea vibaya. Kurasa hizo zisomwe kama ushahidi wa mtu aliyehudumiwa na watumwa tangu utotoni, zisiwe hukumu juu ya utumwa. Lakini maisha ya ndani ya wanawake, ambako msafiri mwanamume hakuruhusiwa kuingia, yeye aliyaishi na kuyaandika.

Akina susu, yaani nyanya zetu, wa Nuu wa zama zile hawakupata hata huo mfupa wa ngamia. Wa leo wana wajukuu wanaojua kuandika. Wajukuu, kaeni nao, muwaandike, wangali hai.